Zima Yote

Pale kazini walimwita Dada Fundi, na yeyote aliyekaa naye kidogo alijua kwa nini wateja hawakupewa namba yake ya simu. Alikuwa anasonya. Kompyuta ikiganda, anasonya. Mtu akiuliza swali ambalo jibu lake limeandikwa mbele ya pua yake, anasonya. Lakini msonyo mrefu kuliko yote, ule wa kutoka tumboni, alikuwa ameuweka kwa ajili ya mtu mmoja tu, naye ni mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa bosi.

Ubosi wenyewe alipewa na mama yao. Mama alipouza kiwanja ili wanawe waanzishe kitu cha kwao, aliwakalisha sebuleni akawagawia vyeo kama anavyogawa vipande vya nyama. "Mdogo atazungumza na watu," alisema. "Mkubwa atafanya kazi." Dada Fundi alipouliza kwa nini na yeye asizungumze na watu, mama alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ukizungumza nao wanakimbia." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma.

Kampuni yao ilikuwa ya picha. Si picha za harusi. Picha za eksirei. Zahanati nyingi ndogo zina mashine ya kupiga picha za mifupa lakini hazina daktari wa kuzisoma. Basi zahanati inapiga, picha inaingia kwenye mfumo wa kampuni, na daktari bingwa aliyekaa mji mwingine anaifungua, anaisoma, anarudisha majibu mgonjwa akiwa bado kitandani. Ilikuwa kazi ya maana. Hata Dada Fundi, ambaye kusifia kwake kulikuwa kwa nadra, hakuwa anaisonya.

Mambo yote hayo yalifanyika kwenye wingu, na alikuwa amechoka kuwaeleza watu kwamba wingu hilo halina uhusiano wowote na mvua. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa kwenye jengo la watu wengine, nawe unazikodi kwa saa kama unavyokodi viti vya sherehe. Ukisahau kurudisha viti, mwenye viti hakupigii kelele wala hakufuati mlangoni. Anaendelea kuhesabu tu, kwa adabu zake zote, na mwisho wa mwezi anakata kwenye kadi yako.

Mdogo wake alilisikia neno hilo kwenye mkutano mmoja wa hotelini na tangu hapo halikumtoka mdomoni. Wingu hivi, wingu vile. Wafanyakazi wakamwita Bosi Mawingu, naye akadhani anasifiwa. Alijenga ofisi ya vioo kwenye kona, akaweka kiti kinachozunguka na jagi la maji lenye vipande vya limau ambavyo hakuna aliyewahi kuviona vikibadilishwa. Humo ndani alikaa yeye na Mshauri.

Mshauri alikuwa mwanamume wa suruali nyembamba na viatu visivyo na soksi, aliyeajiriwa kuifundisha kompyuta isome picha yenyewe, bila daktari. Akili bandia. "Akili bandia tunayo siku zote," Dada Fundi alimwambia dada wa mapokezi, "iko ofisi ya kona, inakunywa maji ya limau." Maneno hayo yalizunguka jengo zima kabla ya chakula cha mchana, na yeye hakujisumbua kuyakana.

Mwezi ule gharama ya wingu ilikuja imevimba. Mshauri alikuwa amekodi mashine kubwa za majaribio, zile za bei mbaya, akazisahau zikinguruma bila kazi, mithili ya mtu aliyeacha bomba la maji wazi akaenda safari. Bosi Mawingu alipoona kiasi kilichokatwa kwenye kadi, alimwita dada yake ofisini kwa sauti ambayo haikuwa na ile lugha ya mikutano ya hotelini hata kidogo.

"Dada, hii nini?"

"Muulize aliyekaa kwenye kochi."

Mshauri alitabasamu na kuinua viganja. "Ni kawaida kwenye utafiti."

"Nataka king'ora," bosi akasema. "Fedha ikianza kukimbia, nijue. Na ikifika mahali, isimame."

Kwa mara ya kwanza mwaka ule mdogo wake alikuwa ameomba kitu chenye akili. Dada Fundi akavuta kiti, akaeleza. Kila mashine itabandikwa alama ya kazi yake: hizi za zahanati, hizi za majaribio. Kila upande utakuwa na bajeti yake. Matumizi yakifika nusu, ujumbe unatumwa. Yakifika robo tatu, mwingine. Na mfumo ukiona kwamba kwa mwendo huu mwezi hautaisha salama, unaonya hata kabla. Ujumbe uende kwa watu watatu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa amelala. Na upande wa majaribio ukifika ukingoni, uzimwe. Wa majaribio tu.

Alikuwa hajamaliza, Mshauri akakohoa kistaarabu. "Mambo mengi ya nini? Kikomo kimoja. Kikifika, zima yote. Makampuni makubwa ndivyo yanavyofanya."

Hakuna kampuni kubwa wala ndogo inayofanya hivyo. Dada Fundi aligeuka amwambie, lakini mdogo wake alishainua mkono.

"Umesikia. Zima yote. Na ujumbe uje kwangu peke yangu, sitaki kila mtu ajue matumizi ya kampuni. Ufunguo wa kuwasha tena nao uwe kwangu, kwenye simu yangu."

"Yote? Hata za zahanati?"

"Dada." Alitabasamu, akamtazama Mshauri ili wafurahie pamoja. "Kwani yote kwa lugha yako maana yake nini?"

Mshauri alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha puani, lakini kilitosha. Dada Fundi alikuwa na maneno mengi bado. Angeweza kusema kwamba siku hiyo ikifika, daktari atakuwa katikati ya kusoma kifua cha mtu na picha itapotea machoni pake. Angeweza kupandisha sauti kama alivyopandisha mara nyingi kwa mambo yasiyo na maana, kwa mfano suala la nani kamaliza karatasi za kuchapishia. Badala yake alisimama, akarudisha kiti mahali pake.

"Sawa, bosi," akasema.

Anataka kisu? Atapewa kisu, tena kilichonolewa. Alishinda siku mbili akikiandika kile kikomo, na kwa kuwa alikuwa fundi kwelikweli, alikiandika vizuri. Alikijaribu pembeni, kikazima kila kitu bila kubakiza hata taa. Akasonya, lakini kwa raha.

Jumapili walikutana kwa mama, kama kawaida yao. Meza ilikuwa imejaa, watoto wa mdogo wake wakipita chini yake wakifukuzana, na mke wa bosi, wifi mtu, alikuwa akichota chakula na kuwakaripia kwa wakati mmoja. Bosi Mawingu alikuwa akimsimulia mama jinsi alivyoweka mfumo wa kudhibiti matumizi. Yeye. Kwa mikono yake. Alisema "nimeuweka" mara nyingi hivi kwamba hata wifi alianza kumtazama.

"Hongera baba," mama akasema. Akamgeukia binti yake. "Na wewe ulimsaidia mdogo wako?"

"Nilimshikia tochi, mama."

Wifi akapaliwa na maji. Mama hakucheka. Alikuwa mama wa kuzijua sauti za wanawe, na ile hakuipenda, ila kulikuwa na watoto mezani, akaiacha ipite.

Simu ya bosi, iliyolazwa karibu na sahani yake, ikalia. Aliitazama, akafuta kwa kidole gumba. Baada ya muda ikalia tena. Dada Fundi aliyekaa pembeni yake alisoma bila hata kuinamisha shingo: matumizi yamevuka nusu. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeanza. Maana yake Mshauri alikuwa amewasha tena mashine zake kubwa, safari hii nyingi zaidi, kwa ajili ya wawekezaji waliotarajiwa wiki hiyo, na kama kawaida yake alikuwa ameziacha zijiendeshe wikendi nzima.

"Hizi jumbe zinasumbua," bosi alisema. Akashika simu, akabonyeza hapa na pale, akainyamazisha ile sauti. Si simu nzima. Alinyamazisha ujumbe wa tahadhari tu, ule aliouomba mwenyewe, ule aliosema uje kwake peke yake. Kisha akarudia habari za wawekezaji.

Dada Fundi aliona yote hayo. Alikunywa maji, akamwomba wifi ampitishie mboga.

Siku ya wawekezaji ilifika na jua kali. Walikuja watatu: wanaume wawili waliovaa karibu sawasawa, na mama mmoja wa miwani mizito ambaye alisalimia kila mtu, hadi mlinzi. Waliingizwa kwenye chumba cha mikutano, nacho kilikuwa cha vioo, kwa maana bosi alipenda aonekane akifanya mikutano. Dada Fundi hakualikwa. "Usinielewe vibaya," mdogo wake alikuwa amemwambia asubuhi. "Ukikaa pale utasonya."

Basi alikaa kwenye chumba chake, upande wa pili wa ukumbi, ambako angeweza kuwaona kama samaki kwenye tangi. Mezani alikuwa na kompyuta yake, na kwenye kompyuta kulikuwa na mstari wa gharama ukipanda. Ufunguo wa kuondoa kikomo hakuwa nao, lakini macho ya kuona alikuwa nayo, na pia alikuwa na uwezo wa kuzima mashine yoyote. Kama angezima zile za Mshauri, mstari ungelala pale pale na mambo yangekwisha kimya kimya. Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu.

Alichemsha chai.

Hesabu yake kichwani ilikuwa hivi: kikomo kitafika Mshauri akiwa katikati ya maonyesho yake. Kioo kitakuwa cheusi mbele ya wageni. Mdogo wake atatoka mbio, jasho linamtiririka, atasema dada nisaidie, naye atamsaidia, taratibu, mbele ya wote. Zahanati zitakaa gizani kidogo tu, muda wa mtu kuvuka ukumbi. Watajua ni mtandao. Zahanati zimezoea mtandao kukatika.

Na kweli, alikuwa bado na kikombe mkononi alipoona kupitia vioo picha ya mbavu iliyokuwa ukutani ikitoweka. Mshauri aliigeukia kompyuta yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Dada Fundi alifurahi, hakuna haja ya kumfichia. Alifurahi hadi vidole vya miguu. Akaegemea kiti na kusubiri.

Mdogo wake hakutoka. Alisimama, akasema kitu, wageni wakacheka. Akawamiminia maji. Bila shaka alikuwa anawaambia ni mtandao. Na kwa kuwa kuzungumza na watu ndiyo kazi aliyopewa, alikuwa akiifanya vizuri. Alivuta kiti karibu na yule mama wa miwani na kuanza hadithi ndefu, mikono ikienda juu na chini. Simu yake ilikuwa mezani, imezimwa sauti, imelala kifudifudi.

Dada wa mapokezi alichungulia mlangoni. "Dada Fundi, zahanati zinapiga. Wanasema majibu hayarudi."

"Waambie wasubiri kidogo."

Akaenda. Akarudi. "Wameongezeka. Na kuna nesi mmoja hataki kusubiri, amesema nisipompa mtu wa maana atakuja hapa mwenyewe."

Dada Fundi akasonya, akapokea.

"Wewe ndiye mtu wa maana?" Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, iliyotulia mno. "Nisikilize. Nina fundi rangi hapa sakafuni, kaanguka kutoka juu ya ngazi. Analalamika shingo. Tumempiga picha ya shingo, daktari wenu kaanza kuisoma, akaniambia 'ngoja, naona kitu', mara imekatika. Simu yake sina, tunaongea humo humo kwenye mfumo wenu. Wenzake wako hapa na gari, wanataka kumnyanyua wampeleke hospitali. Niwaache wamnyanyue au wasimguse?"

Dada Fundi alisukuma kikombe pembeni.

"Niko hapa," nesi akasema. "Simu imewekwa kifuani kwake. Mikono yangu miwili imeshika kichwa chake, kwa hiyo usinikatie, sina mkono wa kupiga tena."

"Wasimguse," Dada Fundi akasema, ingawa hakuwa daktari wala hakujua. "Nipe dakika chache."

Aliiacha simu wazi mikononi mwa dada wa mapokezi. Alijaribu kuwasha mashine za zahanati. Mfumo ukamkatalia, kama alivyouandika umkatalie. Alimpigia mdogo wake, akauona mwanga wa ile simu pembeni mwake juu ya meza ya vioo, na mdogo wake hata asiitupie jicho. Basi akavuka ukumbi na kufungua mlango bila kugonga.

"Lete simu yako."

"Dada, tuko kwenye kikao." Tabasamu lilikuwa bado usoni. "Jamani, huyu ni mkuu wetu wa..."

"Lete simu."

"Ni hitilafu ndogo ya mtandao," Mshauri akawaambia wageni, "hutokea hata..."

"Wewe nyamaza." Alifika mezani, akaichukua simu mwenyewe na kumwekea mdogo wake mbele ya uso. "Fungua. Kikomo kimefika. Zimezimika zote. Ulisema zote."

"Zote zipi?" aliuliza yule mama wa miwani.

"Za majaribio," bosi akajibu haraka.

"Na za wagonjwa," Dada Fundi akasema. "Kuna mtu amevunjika shingo na daktari wake haoni kitu."

Hakuwa na hakika kama imevunjika. Lakini uso wa mdogo wake ulibadilika, ukawa ule wa mtoto aliyevunja kitu cha watu, na kidole chake kikatua juu ya simu. Alifungua. Alikosea mara ya kwanza, akarudia. Dada Fundi alichukua kompyuta ya Mshauri bila kuomba, akaingia, akaandika namba ya siri iliyotokea kwenye simu, akapandisha kikomo. Aliwasha mashine za zahanati kwanza. Zile za Mshauri akaziacha zilale.

Kuwaka kwake hakukuwa kwa mara moja. Mashine moja ikaamka, ikaivuta ya pili, na wote mle chumbani wakakaa wakitazama vidoti vya kijani kama watu wanaosubiri lifti iliyokwama.

"Kwa hiyo mfumo ulijengwa uzime wagonjwa," yule mama alisema. Hakusema kwa hasira.

"Aliyeujenga ni yeye," bosi akasema, akimwonyesha dada yake.

"Alivyoagiza yeye," Dada Fundi akasema.

Mama yule alivua miwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekuja kununua nyumba akakuta wenyewe wanapigana uani. Kisha akamwuliza Dada Fundi, "Ulijua kwamba ingezimika leo?"

Jibu la uongo lilikuwepo, fupi na rahisi. Aliinamia kompyuta, akaangalia vidoti. Mama yule akarudisha miwani usoni.

Dada wa mapokezi alikuja mbio na simu. Daktari alikuwa amerudi hewani. Pingili moja ya shingo ilikuwa na ufa. Mgonjwa asinyanyuliwe na mtu yeyote. Avalishwe kola ya kushika shingo, alazwe kwenye machela ngumu, aletewe gari la wagonjwa. Wenzake walikuwa wamekaribia kumweka kiti cha nyuma cha gari dogo, amekaa, na kilichowazuia ni nesi tu, aliyewaambia kwamba atakayemgusa huyu mtu atamkanyaga yeye kwanza. Alikuwa amepiga magoti pale sakafuni muda wote.

"Sasa niambie," nesi alisema kabla ya kukata, sauti ikiwa ile ile iliyotulia. "Ilikuwa umeme?"

"Hapana."

"Mtandao?"

"Tulizima wenyewe," Dada Fundi akasema. "Kwa ajili ya gharama."

"Mnazima kama watoto wanavyochezea swichi," nesi akasema, na simu ikakatika.

Wawekezaji waliaga kwa upole ule wa watu wasiorudi tena. Mshauri aligundua kwamba ana miadi sehemu. Ndugu wawili walibaki kwenye ofisi ya kona, na kwa mara ya kwanza bosi hakukalia kiti chake kinachozunguka.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuuliza mbele ya huyo kibaraka wako. Hata za zahanati? Mkacheka."

"Mara moja. Ulisema mara moja!" Sauti ilimpanda. "Mimi unanisonya toka asubuhi mpaka jioni. Nikifunga mlango unasonya, nikivaa shati jipya unasonya. Halafu hilo, la maana kuliko yote, ndilo ulilosema mara moja kwa adabu, ukaondoka. Nitajuaje?"

Dada Fundi alitaka kumjibu kwamba mtu mzima anajua. Kwamba ujumbe ulimfikia mezani kwa mama akaunyamazisha. Yote yalikuwa kweli na alikuwa ameyaandaa tangu Jumapili, yametiwa chumvi na pilipili. Lakini kila alipotaka kuanza, aliona mikono miwili imeshika kichwa cha mtu sakafuni, akaona pia kikombe chake cha chai.

"Unapenda niwe mjinga," mdogo wake akasema, taratibu sasa. "Inakufaa."

Habari zilimfikia mama kupitia kwa wifi. Mama hakupiga simu kwa mwanawe wa kiume. Alimpigia binti.

"Yule hajui," alisema. "Nimemzaa mwenyewe, hajui, na nilikuweka karibu naye kwa sababu hiyo. Wewe ulijua, ukakaa ukaangalia."

"Mama, yeye ndiye aliyesema..."

"Sijauliza alichosema." Mama alipumua. "Nilidhani unawadharau watu kwa kuwa una akili kuwazidi. Kumbe ndiyo starehe yako." Akamtakia siku njema, kama anavyomtakia muuza vocha, akakata.

Wiki ile Dada Fundi alijenga upya kila kitu, safari hii bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyemzuia. Mashine za zahanati alizitenga kwenye akaunti ya peke yake, ambayo hakuna kikomo kinachoweza kuizima. Inaweza kupiga kelele tu, na kelele hizo zinakwenda kwake, kwa mdogo wake na kwa mhasibu. Mashine za majaribio alizipa bajeti ya kubana, na zikikaa bila kazi zinajizima zenyewe. Hazikuwa na mwenyewe tena, kwa maana Mshauri aliondoka, akaenda kampuni nyingine ambako, kwa mujibu wa dada wa mapokezi, alikuwa anaeleza jinsi alivyowahi kusimamia mfumo wa hospitali. Bosi Mawingu alipewa somo la jinsi ya kusoma tahadhari. Alikaa, akasikiliza, akauliza swali la kijinga. Dada yake alijibu. Akarudia kuuliza, naye akajibu tena, na ilimgharimu.

Baadaye, mchana mmoja, alipanda gari akaenda kwenye ile zahanati. Alijiambia anakwenda kukagua vifaa. Ilikuwa nyumba ndefu yenye benchi nje na ukuta uliopakwa rangi nusu; nusu nyingine ilikuwa bado inasubiri fundi. Nesi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa anafunga kidonda cha mzee mmoja mguuni, na hakuacha kufunga.

"Fundi rangi anaendeleaje?" Dada Fundi akauliza.

"Yuko hospitali kubwa. Anatembea. Vidole vya mkono mmoja vina ganzi, hawajui kama itaondoka." Alikata plasta kwa meno. "Wewe ndiye wa simu?"

"Mimi."

"Umekuja kuomba msamaha?"

Dada Fundi alikuwa ameandaa maneno njiani. Nesi hakungoja ayatoe.

"Mimi nina foleni. Hizo jumbe zenu, zile za kusema fedha inakwisha, zinakwenda kwa nani?"

"Kwetu. Watu watatu."

"Niweke na mimi."

"Hizi ni tahadhari za gharama za kampuni. Hazikuhusu wewe..."

Nesi aliinua macho, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, na Dada Fundi, ambaye alikuwa amewatazama hivyo watu wengi maishani mwake, akagundua kwamba hajawahi kuupokea mtazamo huo kutoka mbele.

"Siku mkifika ukingoni, mimi nina mtu kitandani," nesi akasema. "Nikijua asubuhi, namwandikia rufaa asubuhi. Nikijua mkishazima, nakaa sakafuni. Niweke."

Alimweka. Alikaa kwenye benchi la nje, kompyuta magotini, akaingiza namba ya nesi, akatuma ujumbe wa majaribio. Simu ililia ndani ya koti jeupe. Nesi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana.

"Hii ni nini? 'Kizingiti cha matumizi tabiriwa kimevukwa.' Nani anaongea hivi?"

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Andika kama unaongea na mtu."

Dada Fundi alifuta. Akafikiri, akaandika, akafuta tena. Mwisho akatuma: *Gharama inapanda haraka. Picha bado zinafanya kazi. Tukiona hatari ya kusimama, tutakupigia kabla.*

Nesi alisoma mara mbili, midomo ikitembea. "Nani atanipigia?"

"Mimi."

"Basi andika hivyo. Andika 'mimi', na namba yako."

Akaandika. Nesi hakusema ahsante wala kwa heri. Aliita jina la mgonjwa aliyefuata na kuingia naye ndani. Dada Fundi alibaki kwenye benchi, akafungua jumbe nyingine zote za tahadhari alizowahi kuandika, akaanza kuiandika upya ya kwanza.